Magugu ya Perce

Mei 1, 1976. Ubao: inchi ishirini na nane.
Msimu umefunguliwa. Daktari Thorold, mstaafu wa meno na katibu wa klabu yetu ya uvuvi, alileta kalenda ya mwaka na chupa ya divai ya sheri kwa Thirza. Kama kila mwaka, mke wangu amemshukuru sana, na kama kila mwaka ataipeleka kwa dada yake mjini Salisbury. Ubao wa kipimo cha maji pale darajani wakati huu ulipaswa kusoma inchi thelathini na sita. Chemchemi ya juu karibu na kanisa imekauka. Kondoo wamelala ndani yake.

Mei 9. Inchi ishirini na saba.
Jua. Nimenoa mafyekeo yote manne.

Mei 22. Inchi ishirini na sita.
Nimesafisha wavu wa chuma. Wavu huu niliuweka kwa mikono yangu miaka kumi na minane iliyopita, kwenye lango la maji, pale mto wa klabu unapoishia na wa Perce Pothecary unapoanzia. Juu ya wavu ni maili moja na nusu ninayoitunza mimi, na humo hakuna samaki wa trauti hata mmoja aliyeletwa kwa lori. Wote wamezaliwa kwenye changarawe hii hii, wao na mama zao na bibi zao. Chini ya wavu ni mto wa Bwana Wraxall, ambao Perce anautunza, kama kweli huko ni kutunza. Kila Jumatatu wanamimina samaki wa bwawani, wanene, mapezi yamelika, waliozoea kurushiwa punje za chakula. Wageni kutoka London huwavua, huwagonga kichwa na kwenda nao nyumbani.

Perce alipita akaegemea ukingo wa daraja. Tulisoma shule moja, kwa hiyo ananiita Wat na siwezi kumzuia.

“Unamsugulia nani, Wat? Malkia anakuja?”

“Nawazuia kuku wako.”

“Kuku wangu waje kwako kufanya nini? Kwako hakuna chakula.”

Akacheka peke yake. Magugu ya mtoni kwake yamejaa mpaka maji huyaoni vizuri. Mvivu wa aina yake sijapata kumwona.

Juni 4. Inchi ishirini na tano.
Wale wadudu wakubwa wa Mei wametoka leo, wamechelewa. Wanachama tisa mtoni. Sheria yetu ni moja: humtupii samaki usiyemwona akila. Unangoja atoe pua kuchukua mdudu juu ya maji, unampigia magoti kwa nyuma, unampelekea nzi wako wa bandia wa manyoya, mkavu, aelee kama aliyejiangukia mwenyewe. Akiburuzwa na mshipi hata upana wa kidole, samaki amekwisha kujua wewe ni nani. Daktari Thorold alimtupia samaki mmoja chini ya mti kwa saa moja na robo, akamkosa, akatukana kwa Kilatini.

Juni 5. Inchi ishirini na tano.
Vivyo hivyo. Safari hii Kiingereza.

Juni 21. Inchi ishirini na tatu.
Jioni ya mlinzi. Siku ndefu kuliko zote, wanachama huniachia mto mzima jioni moja na ufito wangu mwenyewe wa kuvulia. Nilikwenda kwenye kona ya mkuyu, kuna trauti ninayemjua kwa mwaka wa tatu. Alikuwa anakula polepole, pua tu, huku jua bado liko juu ya miti. Nilikaa nikimtazama mpaka nikajua anahesabu ngapi kati ya mdudu na mdudu. Nikatupa mara moja. Nzi alitua futi mbili mbele yake, akateremka, na yule mzee akainuka akamchukua bila haraka, kama mtu anayechukua kofia yake msumarini. Niliinua ufito. Alikwenda moja kwa moja kwenye magugu, nikamrudisha, akaenda tena. Nilipomlaza kwenye kiganja majini alikuwa wa rangi ya siagi iliyoungua, na madoa mekundu ubavuni na kovu la zamani tayani. Nikamshika kichwa kielekee mkondo mpaka akapata nguvu, akaondoka.

Thirza aliniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Nilikuwa na furaha, basi. Ndio kazi yangu yote ilipo, kwamba samaki kama yule yupo na hakuna aliyemnunua.

Juni 30. Inchi ishirini na moja.
Wiki nzima joto la kuoka. Barabara inanata kwenye viatu.

Julai 7. Inchi ishirini.
Redio inasema tuoge wawili wawili kuokoa maji. Thirza amesema ng'o.

Julai 11. Inchi kumi na tisa.
Kesho ni siku ya kukata. Walinzi wote wa mto huu hukata magugu tarehe zile zile, kwa makubaliano, kwa sababu ukikata ovyo takataka zako zinamshukia mwenzako wa chini siku ana wageni. Julai ni tarehe kumi na mbili hadi kumi na nne. Baba yangu alikata tarehe hizo.

Jioni Perce akaja mpaka uani kwangu, jambo ambalo huwa halifanyi.

“Wat, mwaka huu tusikate.”

“Nani?”

“Mimi na wewe. Wote. Maji ni kidogo mno. Magugu ndiyo yanayoyashikilia. Ukiyaondoa mto unateremka wote.”

Nikamwambia nimemsikia akitoa visingizio vya kutoshika fyekeo tangu tukiwa na miaka kumi na tisa, lakini hiki ni kipya, nampa pongezi. Akatazama kofia yake. Akasema, “Haya, bwana,” akaenda zake. Thirza alikuwa dirishani. Akasema, “Ungemsikiliza kwanza.” Nikasema mto unatunzwa kwa kalenda, si kwa uvivu wa Perce Pothecary.

Julai 12. 
Nimekata kuanzia daraja hadi kona ya mkuyu. Mgongo unauma.

Julai 13.
Nimekata hadi kwenye lango la maji. Nimeacha safi kama sakafu ya kanisa. Perce hajagusa hata jani.

Julai 14. Inchi kumi na moja.
Nilidhani nimesoma vibaya. Nikaenda tena baada ya chai. Kumi na moja.

Julai 17. Inchi kumi.
Daktari Thorold na wenzake wamefurahi mno. Hakuna gugu la kunasa mshipi, unatupa nzi popote. “Maidment,” akaniambia, “mto haujapata kuwa nadhifu hivi.” Nikasema asante, Daktari. Hawakupata samaki. Akasema ni jua. Nikasema ndiyo, ni jua.

Julai 24. Inchi tisa.
Ni jua.

Julai 30. Inchi nane.
Kipimajoto kimevuka mstari mwekundu saa sita mchana. Maji ya moto hayana hewa. Samaki ukimchosha kwenye mshipi hapumui tena hata ukimwachia. Nimefunga mto na kubandika tangazo darajani. Mwanachama mmoja alinikaripia kwamba amesafiri saa tatu. Nikamwambia basi atakuwa na saa tatu nyingine za kupumzika akirudi. Nitalalamikiwa.

Yule mzee wa mkuyu hayupo. Pale alipokuwa anakaa maji hayafiki kifundo cha mguu, nayo ni meupe, unaona kila jiwe. Korongo wawili wamesimama kama wenye nyumba.

Agosti 3. Inchi saba na nusu.
Samaki sita wamekufa. Nimewazika bustanini. Sikumwambia Thirza, lakini aliona jembe.

Agosti 6. Inchi saba.
Kumi na mmoja.

Agosti 8. Inchi saba.
Leo nitaandika kweli, kwa kuwa hili daftari hakuna anayelisoma.

Nilishuka mpaka mwisho wa mto wetu. Samaki wote waliobaki wamejazana kwenye kidimbwi juu ya wavu, mia mbili au zaidi, wakubwa kwa wadogo, wamebanana mikia ikigusa vyuma. Wanataka kushuka. Trauti hawakai pamoja hivyo. Mkubwa humla mdogo. Hawa walikuwa wamenyamaza tu, midomo inafunguka na kufungika. Yule mzee wa mkuyu nilimtambua kwa kovu la taya.

Nikavuka upande wa pili wa lango kutazama wanataka kwenda wapi. Kwa Perce. Yale magugu niliyoyacheka yamesimama katikati ya mto na maua yake meupe, na nyuma yake maji yamejaa mpaka magotini kwa mtu mzima, yenye kivuli, yanapita polepole. Nilitia mkono. Baridi. Mto mmoja, maji yale yale, hatua kumi kutoka kwangu.

Si jua. Ni mimi. Nilichukua fyekeo nikawaondolea samaki wangu paa la nyumba na blanketi na maji yenyewe, kwa siku mbili, kwa bidii, na aliyekuja uani kunionya nilimwita mvivu. Nilikaa pale kwenye mawe.

Nikiacha wavu, watakufa wote. Nikiuinua, watashuka kwenye mto wa Wraxall, na kila wiki kuna wageni pale wenye haki ya kugonga samaki wanne kila mtu. Tena samaki wangu watachanganyika na wa bwawani, na ile habari ya maili moja na nusu isiyonunuliwa itakuwa imekwisha.

Nilijaribu kuuinua. Umeshika kutu, haujongei. Miaka kumi na minane.

Agosti 9. Inchi sita na nusu.
Nilikwenda kwa Perce saa mbili asubuhi. Alikuwa anakaanga mayai. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, yakanikauka.

Nikasema, “Nahitaji jeki.”

“Gari gani?”

“Wavu.”

Akazima jiko. Tulifanya kazi mpaka saa saba, yeye na jeki na mtaimbo, mimi na nyundo, tumesimama majini. Vyuma viwili vilikatika. Wavu ulipotoka alinisaidia kuuburuta ukingoni, tukakaa. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mmoja akateleza kinyumenyume kupita langoni, akageuka, akaingia kwenye magugu. Halafu watano. Halafu sikuweza kuwafuata kwa macho.

Perce akasema, “Wapite. Nafasi ipo.”

Nilingoja aseme jambo la pili, lile ambalo mimi ningelisema, kwamba alinionya. Hakulisema. Nikarudi nyumbani nimekasirika, sijui kwa nini. Thirza akasema yeye anajua.

Agosti 14. Inchi sita.
Mto wangu ni mtupu. Nimefagia kibanda.

Agosti 19. Inchi sita.
Makubwa. Perce amefunga kipande cha juu cha mto wake kwa mti na kamba, na kibao cha rangi nyekundu: HATARI, FAHALI MKALI. Wageni wa London wanageukia pale na kurudi chini kwenye samaki wa bwawani. Nilicheka. Nikamwambia Thirza, amepata njia ya kupunguza kazi, nusu ya ukingo haitunzi tena. Nilisema hivyo hata baada ya ule wavu. Naliandika ili nisisahau kwamba nilisema.

Agosti 25. Inchi sita.
Niliruka ule mti nikaingia. Hakuna fahali. Hakuna hata samadi. Kuna trauti. Kila uwazi kati ya magugu una pua inayochomoza, taratibu, wanachukua vidudu vidogo vya jioni. Wangu. Nilipiga magoti nyasini kwa mazoea, ingawa sikuwa na ufito, nikawatazama.

Perce alikuwa amekaa upande wa pili na kipande cha mkate.

“Fahali yuko wapi?” nikamwuliza.

“Mkali sana yule. Hata mimi sijathubutu kumwona.”

“Na Wraxall?”

“Anaogopa ng'ombe tangu utoto.”

Nilicheka mpaka samaki wakazama. Perce akaniambia ninyamaze, wageni wanakula.

Agosti 31. Inchi sita.
Mvua, dakika ishirini. Watu wa kijijini walitoka wakasimama barabarani iwanyeshee.

Septemba 11. Inchi nane.
Mvua siku mbili. Thirza ameacha nguo kwenye kamba makusudi.

Septemba 18. Inchi kumi na moja.
Thirza alirudi dukani na uso mbaya. Bwana Wraxall alikuja na mgeni anayefuga ng'ombe wa maonyesho, na huyo mgeni akataka kumwona fahali. Wakaruka mti. Wakakuta samaki wamejaa na magugu hayajakatwa na ng'ombe hakuna. Perce ameulizwa mbele ya watu. Angeweza kusema samaki ni wa klabu, mlinzi wao aliharibu mto wake mwenyewe. Alisema ni uvivu wake tu. Amefukuzwa, na nyumba aiache mwisho wa mwezi.

Sikula.

Septemba 19. Inchi kumi na mbili.
Nilikwenda. Mlango ulikuwa wazi, anafunga vyombo kwenye magazeti. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

“Ningesema, Wraxall angewavua wote wiki ile ile. Samaki wa bure. Sasa anadhani ni wake, hana haraka.”

“Lakini ungebaki na kazi yako!”

“Ndiyo,” akasema, akaendelea kufunga vikombe.

Nilitaka kumwomba radhi. Nikamsaidia vikombe.

Septemba 26. Inchi kumi na saba.
Wanapanda. Maji ya mvua yameingia na baridi imeanza, na trauti wanarudi juu kutafuta changarawe ya kuzalia. Nilisimama langoni asubuhi nzima. Wanakuja mmoja mmoja, wanajikunja, wanapita pale ulipokuwa wavu. Samaki wa bwawani hawakuja hata mmoja, nadhani hawajui kuna kwenda popote. Yule mwenye kovu alipita saa tano. Nilivua kofia, mtu mzima mimi.

Nilirudi nikamwambia Thirza ninachofikiri kusema kwenye mkutano wa kufunga msimu, na kwamba huenda tukakosa nyumba. Alikuwa anamenya viazi.

“Kwa dada yangu kuna nafasi,” akasema. “Nimemwuliza tangu juzi.”

“Juzi mimi sikuwa nimeamua.”

“Wewe hukuwa umeamua.”

Septemba 30. Inchi ishirini.
Mkutano kwenye kibanda, wanachama kumi na wanne na soseji za Thirza. Daktari Thorold alisimama akasema msimu ulikuwa wa msiba kwa mito yote, lakini samaki wetu wako hai, wameonekana wakirudi, na hilo ni kwa sababu ya mtu mmoja. Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyewaua wale waliokufa. Nikasema tarehe kumi na mbili Julai nilikata magugu baada ya kuambiwa nisikate, kwa jeuri, na maji yakashuka inchi nane kwa siku mbili, na kile walichokiita unadhifu ndicho kilichokuwa kinawaua. Samaki waliobaki walikaa kwa Perce Pothecary wiki saba, akawalinda kwa ng'ombe wa kubuni, na kesho hana pa kulala.

Mtu akakohoa.

“Maidment, kaa chini,” Daktari akasema, si kwa ubaya. “Sote tumechoka na kiangazi hiki.”

“Sikai, Daktari. Nataka mmwajiri.”

“Klabu yetu ni ya mlinzi mmoja. Unalijua hilo.”

“Basi mwajirini yeye.”

Wakatutoa nje, mimi na Thirza, wakaongea. Tulisimama chini ya mwavuli mmoja. Waliponiita ndani Daktari hakunitazama usoni. Alisema itakuwa kama nilivyotaka, kuanzia tarehe nne, na nyumba inaandamana na kazi.

Oktoba 1. Inchi ishirini na moja.
Nilimpelekea Perce ufunguo wa lango la maji. Alikuwa amekaa juu ya sanduku nje ya nyumba tupu, anangoja gari la binamu yake. Nikamweleza yote. Safari hii nikayasema na yale mengine: kwamba alikuja uani kwangu kuokoa mto na mimi nikamdhihaki, kwamba nimemwita mvivu miaka arobaini na hakuwa mvivu, alikuwa anatazama maji huku mimi natazama kalenda. Nisamehe, nikasema.

Aliugeuza ufunguo mkononi.

“Na wewe utakwenda wapi?”

“Salisbury. Kwa shemeji.”

“Wat,” akasema, “mimi nilikuambia usikate. Sikukuambia uondoke.”

Nililia. Nilikaa kwenye sanduku lake la vikombe nikalia mbele ya mtu mchana kweupe. Perce alitazama kando, akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Oktoba 4. Inchi ishirini na nne.
Mvua. Perce amehamia, nasi hatukuondoka. Nyumba ina vyumba vinne naye ni mtu mmoja, ndivyo alivyomwambia Daktari Thorold, na Daktari akasema nani anaishi jikoni kwa mlinzi si jambo la kamati. Amekataa chumba cha mbele, amechukua kile kidogo cha nyuma. Thirza amempa mto wa manyoya ya bata ambao mimi nimenyimwa miaka yote.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta amevaa buti mlangoni, anatazama nje. Nikamwuliza leo tufanye nini. Miaka thelathini na mmoja katika mto huu sijapata kumwuliza mtu swali hilo.

Akasema hajui bado, twende tukautazame.